Namba zinazolingana: maana yake kwenye bunduki ya vita uliyorithi

Ukimwonyesha mtu anayezijua bunduki za zamani ile uliyoachiwa na babu, swali lake la kwanza huwa: namba zinalingana? Anataka kujua kama mtutu, bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), kitako na sehemu nyingine zilitoka kiwandani pamoja, au kuna vipuri vilivyoingizwa baadaye. Kwenye bunduki nyingi za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, namba moja iligongwa kwenye sehemu kadhaa kwa sababu mafundi walizipima na kuzioanisha. Bolti ya hii haikukusudiwa kukaa kwenye ile.

Kabla ya yote, hakikisha chemba (tundu risasi inapokaa kabla ya kupigwa) na magazini (kihifadhi cha risasi) havina risasi.

Tuchukue Kar98k ya Ujerumani, maana hiyo ndiyo inayosomeka vizuri zaidi. Juu ya mwili wa bunduki, pale mtutu unapoingia, unaweza kukuta "byf 43". Byf ni alama ya siri ya kiwanda cha Mauser cha Oberndorf, na 43 ni mwaka 1943. Ubavuni kushoto ipo namba isiyozidi tarakimu nne, mara nyingi na herufi ndogo chini yake. Sasa chomoa bolti, uielekeze kwenye mwanga na usome shina la mkono wake. Ikiwa namba ni ile ile, endelea kwenye vikuku vinavyobana mtutu na mbao, na kwenye kifuniko cha chini cha magazini. Sehemu ndogo sana hubeba tarakimu mbili za mwisho tu.

Namba ikitofautiana, usivunjike moyo. Jiulize kipuri kiliingia lini, na kwa mkono wa nani. Baada ya vita, karakana za Kisovieti zilizifungua Kar98k zilizotekwa, zikazisafisha, zikazipaka rangi nyeusi na kuziunga upya bila kujali kipi kilitoka wapi. Kisha namba ya mwili wa bunduki ikaandikwa kwenye bolti ngeni kwa kalamu ya umeme. Tofauti unaiona kwa macho: namba ya kiwandani imezama kwenye chuma, ilhali ya kalamu ya umeme ni mkwaruzo wa juu juu wenye mkono wa mtu ndani yake. Kwenye Mosin-Nagant, bunduki ya Warusi, utakuta namba ya zamani imekatwa kwa mstari na mpya kugongwa pembeni. Mimi bunduki ya namna hiyo naiheshimu. Historia yake imeandikwa juu yake waziwazi, na anayenunua bolti nyingine na kufuta alama ili ionekane safi anaichana historia hiyo.

Kuna bunduki ambazo swali lenyewe haliziingii. M1 Garand ya Marekani ina namba yake kwenye mwili tu. Sehemu nyingine zina namba za michoro ya kiwandani, na wengi hudhani hizo ndizo namba za bunduki "zisizolingana". Hapo utasoma tarehe ya mtutu: vuta fimbo ya bolti nyuma, utaona mwezi na mwaka. Mtutu wa 1950 na kitu kwenye mwili wa 1943 umebadilishwa, basi. Lee-Enfield No. 4 ya Waingereza ina namba kwenye bolti pia, lakini vilevile hujitambulisha kwa herufi za viwanda kwenye vipuri: S ni Savage ya Marekani, LB ni Long Branch ya Kanada. Zikichanganyika, au ukikuta "FTR" ubavuni, ilipita kwenye matengenezo makubwa.

Bolti isiyolingana ndiyo hasa inayogusa usalama. Ikifungwa, nafasi kati ya uso wake na kitako cha risasi lazima iwe ndani ya kipimo. Ikizidi, ganda linaweza kupasuka na gesi kumrudia mpigaji usoni. Usipige hata risasi moja kabla fundi wa bunduki hajaipima kwa geji zake. Waingereza walilijua tatizo hili, ndiyo maana kichwa cha bolti ya No. 4 huchomoka na kilitengenezwa kwa saizi nne, 0 hadi 3. Namba hiyo moja ndogo kwenye kichwa ni saizi, kwa hiyo usitegemee ilingane na chochote.