Asili ya Ng'ombe, Goti la Binadamu

Tunatengeneza viunzi vya kuzibia gegedu la goti lililoharibika, yaani fremu za tishu za wanyama ambamo seli mpya hupandwa, na kila mara tunaulizwa swali lilelile. Juzi tena, safari hii kutoka kwa daktari wa mifupa: "Mnasumbuka nini kupima mwitikio wa kinga? Si kolajeni ni kitu cha asili?" Ni cha asili, sawa. Asili ya ng'ombe.

Kolajeni yenyewe, ile protini ya nyuzi inayoshikilia tishu, haina ugomvi mkubwa. Muundo wake unafanana sana miongoni mwa mamalia, na zile ncha zake chokozi, telopeptidi, tunazikata kwa pepsini, kimeng'enya cha tumboni. Hilo limeisha. Shari iko kwa vile inavyoandamana navyo: mabaki ya seli, DNA, na sukari iitwayo alfa-gali. Seli za ng'ombe na nguruwe zinayo sukari hiyo. Sisi hatuna, ila kingamwili dhidi yake tunazo tele, kwa sababu bakteria wa utumbo wameshatufundisha kuichukia. Mwili wa mgonjwa unaisubiri hata kabla hujafungua goti.

"Basi osheni seli zitoke." Tunaosha! Hapa ndipo ninapopandwa na hasira, maana watu huandika "tishu iliondolewa seli" kwa sentensi moja, kama vile ni kusuuza kikombe. Chukua kipande cha gegedu la nguruwe, ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo. Halina mishipa ya damu, limeshonana, na SDS, sabuni kali tunayoondolea seli, hupenya kwa shida. Likate katikati, lipake DAPI, rangi inayong'arisha DNA: kingo nyeusi tii, safi, ndani, viini vya seli vinang'aa bluu, vimejikalia kwenye vishimo vyao. Haya, ongeza muda. Viini vimetoka. Sasa paka safranini O, rangi inayotia gegedu wekundu, uone ule wekundu ulivyofifia. Glaikosaminoglikani zimeondoka na sabuni, na hizo ndizo zinazoshika maji na kulifanya gegedu listahimili mgandamizo. Umepata kiunzi kisafi kisichofaa kubeba mtu. Na SDS iliyobaki humo itaua seli utakazopanda.

Kipimo cha usafi anachokariri kila mtu ni DNA isiyozidi nanogramu 50 kwa miligramu moja ya tishu kavu. Kilipendekezwa 2011 kama mwongozo, siku hizi kinasomwa kama amri. Siamini sana kwamba mpaka uko hapo hasa. Zipo bidhaa zinazotumika hospitalini ambazo zilipopimwa zilikutwa na mabaki ya DNA, na balaa lililotarajiwa halikutokea. Pengine kinachoamua ni alfa-gali, pengine ni endotoksini, sumu ya kuta za bakteria, ambayo, kwa taarifa yenu, nayo ni ya asili kabisa.

Mfupa wa ng'ombe uliochomwa yakabaki madini matupu ni kesi nyingine: kinga haina la kusema sana, ila unavunjika kirahisi na huyeyuka polepole mno. Kaitosani ya maganda ya kamba? Ulizeni ni kiasi gani cha vikundi vyake vya asetili kimeondolewa, maana kikitofautiana, bechi mbili haziyeyuki sawa. Glutaraldehaidi, kemikali ya kufungia nyuzi pamoja, huimarisha kolajeni, lakini mabaki yake ni sumu na hukaribisha kalsiamu, jambo ambalo kwenye gegedu ni hasara tupu.

Tena kwenye gegedu, hata kinga ikitulia na kiunzi kikashika, kinachoota mara nyingi ni gegedu nyuzi, kolajeni ya aina ya I imejaa mahali pa aina ya II, ile ya gegedu halisi. Mgonjwa anatembea, maumivu yamepungua, picha ya MRI inaonyesha shimo limezibika, na daktari wangu anashangilia. Mimi bado. Tishu hiyo huchakaa mapema kuliko gegedu halisi, na ningependa kumwona mgonjwa huyohuyo baada ya miaka kumi.