Kuteuliwa na jimbo la Kanada, maana yake ni nini hasa

Mdogo wangu alinipigia simu toka Mwanza, huku ninakoishi Winnipeg, jimbo la Manitoba, Kanada, bado mchana na kwao ishafika usiku, sauti iko juu anasema kaka nimepata Kanada, wamenichukua! Nyuma namsikia mama anapiga vigelegele. Nikamwambia tulia basi, nitumie hiyo barua niione. Akaipiga picha akatuma, nikaisoma mara mbili. Ilikuwa barua ya Manitoba ya kumwalika alete maombi, inamwambia una siku 60 uwe umeyawasilisha yakiwa kamili. Viza hakuna humo, ukaazi hakuna, hata huo uteuzi wenyewe ulikuwa bado. Ilibidi nimweleze polepole maana sikutaka kumzimia mama furaha yake usiku ule, na toka hapo nimekutana na watu wengi sana wenye barua kama ile mkononi na wanaamini wameshamaliza, wengine wameshaacha kazi. Kwa hiyo naeleza hapa kama nilivyomweleza yeye.

Anza na neno jimbo. Kanada ina majimbo 10 na maeneo 3 ya kaskazini, na jimbo la kule usilifananishe na mkoa wetu. Lina bunge lake, lina waziri mkuu wake, shule na hospitali ziko chini yake. Katiba yao ya 1867, kifungu cha 95, inaliruhusu jimbo kutunga sheria za uhamiaji pamoja na serikali kuu, ila sheria ya jimbo isigongane na ya Ottawa, yaani ya hiyo serikali kuu. Sasa miaka ya nyuma wahamiaji wengi walikuwa wakishuka tu wanakimbilia Toronto, Vancouver na Montreal, majimbo ya katikati kama Manitoba na Saskatchewan yanabaki yanalilia watu wa kufanya kazi. Ndo ikaja hii programu ya uteuzi wa majimbo, ilianza 1998 na Manitoba walikuwa kati ya wa kwanza kabisa. Leo majimbo na maeneo 11 wanayo. Nunavut, moja ya yale maeneo ya kaskazini, hawana, na Quebec wana utaratibu wao wenyewe kwa makubaliano yao na Ottawa ya 1991, kwa hiyo anayetaka Quebec asome mambo ya Quebec peke yake.

Uteuzi wenyewe ni nini basi? Ni jimbo kuiambia serikali kuu kwamba huyu mtu tunamhitaji, kazi yake ipo huku kwetu, na tunaamini atakaa. Hayo tu. Jimbo halitoi ukaazi wa kudumu, hiyo PR wanayoisema watu inatolewa na Ottawa, na idara yao ya uhamiaji inaitwa IRCC.

Mimi mdogo wangu nilimwelezea kwa mambo ya posa akaelewa hapo hapo. Unapojaza ile fomu ya mwanzo mtandaoni ya kusema ninapenda kuja kwenu, hapo umetuma mshenga. Barua ya mwaliko ni wazee wa upande wa pili wamesema haya njooni tuzungumze. Uteuzi ni posa imekubaliwa. Lakini ndoa bado, mfungishaji ni Ottawa, na yeye ana maswali yake mwenyewe: afya, polisi, usalama, na kama uliyoyasema kule kwa wazee ni kweli. Watu huwa wanakwama hapo mwisho kabisa kwa sababu walidhani posa ikikubaliwa mambo yameisha.

Njia ziko mbili na ni vizuri kujua uko ipi. Moja inapitia Express Entry, ule mfumo wa pointi wa serikali kuu ulioanza Januari 2015. Ukiwa umo humo na jimbo likakuteua unaongezewa pointi 600, na ukijua pointi zote za mfumo ule ni 1,200 utaelewa kwa nini mtu aliyeteuliwa ni kama kashaitwa. Njia ya pili ni ya kawaida, haipiti Express Entry, unateuliwa halafu unapeleka maombi yako Ottawa moja kwa moja, na hii inachukua muda mrefu zaidi. Mdogo wangu yuko njia hii ya pili. Sio mbaya, ni ya kusubiri tu.

Kila jimbo lina masharti yake na wanayabadilisha mara kwa mara, kwa hiyo aliyekuambia binamu yake alipita 2019 kwa utaratibu fulani usimfuate moja kwa moja. Ila kitu kimoja kiko karibu kila mahali, wanataka kujua una uhusiano gani na jimbo lao. Ulisoma pale? Ulifanya kazi pale? Una ofa ya kazi ya mwajiri wa pale? Una ndugu? Manitoba kwa mfano kwa mtu aliyeko nje ya nchi wana jedwali la pointi 100 na unatakiwa ufikishe 60, kuna lugha, umri, elimu, uzoefu wa kazi, halafu kuna hiyo sehemu ya mafungamano. Ndugu wa karibu anayeishi Manitoba anakupa pointi 20 na rafiki au ndugu wa mbali 10. Na ukiwa na ndugu wa karibu jimbo jingine huku Manitoba huna ndugu yeyote, kule kwenye kupanga foleni ya wanaosubiri mwaliko wanakukata pointi, maana wanaona huyu akishuka tu atapanda basi aende kwa dada yake Toronto. Wameshaona watu wakifanya hivyo miaka na miaka.

Mimi ndo nilikuwa uhusiano wa mdogo wangu. Bila hivyo asingeitwa, nasema ukweli, elimu yake nzuri na Kiingereza chake kizuri lakini wenye hivyo wapo maelfu.

Sasa niseme kuhusu makaratasi maana hapo ndo tuliteseka. Mdogo wangu ni mhasibu, kafanya kazi miaka sita kwenye kampuni ya samaki. Akaenda ofisini akaomba barua, wakampa mistari mitatu, kwamba fulani ni mfanyakazi wetu tangu mwaka fulani, ni mwaminifu, tunamtakia kila la heri, mhuri, sahihi. Kwetu hiyo ni barua nzuri tu. Kwa Kanada ile barua haina kitu ndani yake. Wao wanataka cheo chako, tarehe ya kuanza, masaa kwa wiki, mshahara, na kazi zako za kila siku moja baada ya nyingine, na jina na simu ya aliyesaini ili wakitaka wapige. Kwa nini kazi za kila siku? Kwa sababu wana orodha yao ya kazi zote za nchi, inaitwa NOC, kila kazi ina namba ya tarakimu tano, na wanaangalia ulichofanya kwa mikono yako, cheo kinakuja baadaye. Mkaguzi wa hesabu au mhasibu kamili ni 11100. Mtunza vitabu vya hesabu ni 12200. Karani wa hesabu ni 14200. Hiyo tarakimu ya pili ndo inaonyesha ngazi ya kazi, na kwa njia ya Express Entry kazi ya ngazi ya 4 au 5 haihesabiwi kama ya ujuzi. Sasa mtu kajaza 11100 halafu barua yake inasema alikuwa anaandika risiti na kupeleka hela benki, ofisa akisoma anaona karani, maombi yanakataliwa na ada hairudi. Manitoba ada ya jimbo ni dola 500 za Kanada, sio hela ya kupoteza. Mdogo wangu alirudi ofisini mara nne, bosi anasema kwani ile barua ina tatizo gani, mpaka mwisho akaandika mwenyewe kazi zake zote kama alivyozifanya kweli, akampelekea bosi azihakiki, ndo ikatoka barua ya kurasa mbili.

Kitu kingine majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Hamisi, cheti cha chuo Hamis, pasipoti imeongeza jina la babu. Sisi tunaona ni mtu yule yule, ofisa wa Winnipeg anaona watu watatu. Nyoosha hilo mapema kwa hati ya kiapo au kurekebisha kabisa, usisubiri uitwe maana zile siku 60 zinakimbia. Cheti cha chuo nacho kinapelekwa kwa taasisi kama WES wakilinganishe na elimu ya Kanada, na matokeo yake yanadumu miaka 5. Mtihani wa lugha unadumu miaka 2 tu, kwa hiyo ukiufanya mapema mno unaisha ukiwa bado kwenye foleni, imemkuta rafiki yangu mmoja akalipa mara mbili.

Na hapa niwaambie ndugu zetu wa Kongo na Burundi, na yeyote aliyesoma kwa Kifaransa: mnacho kitu ambacho wengi wetu tuliosoma kwa Kiingereza hatuna. Kanada ina lugha rasmi mbili na nje ya Quebec, jimbo la Kifaransa, wanatafuta sana wazungumzaji wa Kifaransa. New Brunswick ndo jimbo pekee ambalo lugha zote mbili ni rasmi, na hapa Winnipeg kuna mtaa wa Saint-Boniface ambako unasikia Kifaransa kanisani, shuleni na dukani. Fanya mtihani wa Kifaransa, TEF au TCF, usijilazimishe ule wa Kiingereza wa IELTS peke yake kwa sababu tu majirani wote wanafanya IELTS.

Lazima pia mjue kwamba mlango ulibanwa. Mpango wa 2024 ulikuwa watu 110,000 wapate PR kwa njia ya majimbo, mpango wa 2025 ukashushwa mpaka 55,000, nusu kabisa, na majimbo mengi yakageukia kuteua watu ambao tayari wako ndani ya Kanada wanafanya kazi. Namba hizi zinapandishwa na kushushwa kila mwaka Ottawa ikitoa mpango mpya, kwa hiyo usiuze kiwanja kwa habari za mwaka juzi. Mwambie na anayekushawishi.

Maana wanaoshawishi wako wengi. Dalali anakuambia nina nafasi tatu za uteuzi Saskatchewan, toa milioni kumi. Hakuna mtu anayeuza uteuzi, haupo sokoni. Anayelipwa kukushauri au kukuwakilisha kwenye uhamiaji wa Kanada lazima awe mwanasheria wa huko au mshauri mwenye leseni, na jina la mshauri unalitafuta bure kwenye rejista ya chombo kinachowapa washauri leseni. Jina halimo? Funga mazungumzo. Na akikuwekea uzoefu wa kazi ambao hukuufanya, anayeadhibiwa ni wewe, ukikutwa umedanganya ni miaka 5 huruhusiwi kuomba. Inaniuma sana hii kwa sababu pesa zenyewe huwa ni za mama, za kikoba, za ng'ombe wa baba.

Swali ambalo naulizwa kuliko yote: nikiteuliwa na Manitoba lazima nikae Manitoba milele? Sheria iko hivi. Ukishakuwa mkaazi wa kudumu, mkataba wa haki ulio ndani ya katiba yao, ule wa 1982, kifungu cha 6, unakupa haki ya kuhamia jimbo lolote. Lakini uteuzi uliupata kwa kusema nina nia ya kuishi kwenu, na hiyo nia lazima iwe ya kweli mpaka siku unapopokea PR. Ukimwambia ofisa wa uwanja wa ndege kwamba mimi napita tu naelekea Toronto, umejiharibia mwenyewe. Na mimi naona zaidi ya sheria kuna neno ulilotoa. Jimbo lilikuchagua wewe likamwacha mwingine. Njoo ukae, fanya kazi, ikishindikana kabisa ndo uhame. Baridi ya hapa inafika nyuzi 30 chini ya sifuri na watoto wanaenda shule hivyo hivyo, inazoeleka.

Mdogo wangu uteuzi ulitoka. Mama alipiga vigelegele tena na safari hii nilimwacha. Akaanza fomu za Ottawa, na nilipokuwa nazipitia nikaona kwenye watoto kaandika wawili. Ana watatu. Binti yake wa kwanza, wa kabla ya ndoa, anaishi Bukoba na mama yake. Akasema kaka huyu hasafiri na sisi, kwa nini nimweke? Nikamwambia ni lazima, hata asiposafiri, watoto wote wanaandikwa na wote wanapimwa afya na daktari anayetambuliwa na Kanada, kwa sababu mtoto ambaye hukumtaja sasa hivi ukitaka kumleta baadaye kama mwanao sheria inaweza kukukatalia, na huyo ana miaka tisa, kesho keshokutwa atauliza kwa nini wenzake wako kwa baba na yeye hapana.

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akampigia mama wa mtoto, walikuwa hawajaongea karibu mwaka. Fomu sasa ina majina matatu, na jina la kwanza ni la yule wa Bukoba.