Kuruka na familia hadi kambini kutoka Lubumbashi: dhana potofu na ukweli

“Ndege ina viti vinne, basi watu wanne na mizigo yao wanaingia.”

Wanaingia, ila ndege huenda isiweze kuwabeba. Chukua Cessna 172S. Uzito wa juu inaoruhusiwa kuruka nao ni kilo 1,157. Ikiwa tupu, pamoja na vifaa vyake, tuseme ina kilo 770. Tarakimu halisi imo kwenye karatasi ya mizani ya ndege hiyohiyo, si ya dada yake. Zinabaki kilo 387. Matangi yakijaa yana lita 200 za kutumika, na lita ya avgas, petroli ya ndege za pistoni, ina kilo 0.72, yaani kilo 144. Sasa zimebaki 243. Baba kilo 85, mama 70, watoto 45 na 30: jumla 230. Mizigo yote ya kambi imeachiwa kilo 13, na hema la familia peke yake linaweza kuzimaliza.

Dawa ni kujaza mafuta kwa hesabu. Kutoka Lubumbashi hadi Lusinga, ndani ya Hifadhi ya Upemba, ni kama kilomita 300 kwa mstari ulionyooka. Usitegemee kupata mafuta huko. Kwenda na kurudi ni saa tatu hivi, kwa lita 35 kila saa: lita 105. Kuwasha, kutembea uwanjani na kupanda mara mbili, weka 8. Akiba ya dakika 30 inayotakiwa mchana, 18. Upepo wa mbele na kuzunguka mawingu, 25. Jumla lita 156, yaani kilo 112. Hapo mizigo inapata kilo 45: hema, blanketi, unga wa bukari, sufuria na maji ya kuanzia.

Pima kila kitu, watu kwa vitu, kwenye mizani ya kweli. Kukadiria kwa macho ndiko kunakoleta ajali. Sehemu ya mizigo ya ndege hii haivuki kilo 54, na ile ya nyuma kabisa kilo 23. Maji na sufuria viwe karibu na viti, mablanketi yaende nyuma. Ukiuelemeza mkia, pua inapanda yenyewe, na ndege ikipoteza mwendo ni vigumu kuirudisha.

“Luano ina barabara ndefu, joto halina shida.”

Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, ina barabara ya kurukia ya kilomita tatu na zaidi; hapo kweli utaruka. Ila hewa ya Luano si hewa ya pwani. Uwanja uko mita 1,309 juu ya bahari, kimo ambacho vitabu vya ndege vinategemea nyuzi 6 tu za joto. Saa nane mchana wa Oktoba, ikiwa 32, kila nyuzi iliyozidi ni kama kuongeza mita 36 za kimo. Injini na mabawa yanafanya kazi kana kwamba uko mita 2,250. Injini isiyo na turbo imeshapoteza zaidi ya moja ya tano ya nguvu zake, na propela nayo inashika hewa nyepesi.

Sasa fikiria kuondoka kambini. Lusinga iko juu zaidi ya mita 1,700, na viwanja vya porini ni vya udongo au majani. Kitabu cha 172S kinasema majani makavu na mafupi yanaongeza asilimia 15 ya umbali wa kukimbia chini. Yakiwa marefu au yameloa, ni zaidi. Sisi tunashauri uzidishe umbali wa kitabu kwa 1.33 hata baada ya masahihisho yote, kwa sababu kitabu kiliandikwa kwa ndege mpya na rubani wa majaribio. Ukiona haitoshi, ondoka alfajiri au punguza mzigo.

Kitasa chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa kinasahaulika mno. Juu ya mita 900 hivi, ukikiacha kimesukumwa hadi mwisho, injini inapewa mafuta mengi kuliko hewa, inatetemeka na nguvu inapungua. Shika breki, fungua gesi (nguvu ya injini) yote, vuta kitasa polepole mpaka mizunguko ya injini ifike kileleni, kisha rudisha kidogo.

Na kuna mtego wa macho. Kwenye hewa nyepesi, kipimo cha mwendo kinaonyesha namba ileile ya kunyanyua pua, lakini ardhi inapita kwa kasi zaidi. Rubani anahisi ametosha, anavuta mapema, ndege inaacha ardhi na kushindwa kupanda juu ya miti ya miombo. Fuata kipimo, usifuate ardhi.

“Kiangazi anga ni nyeupe.”

Hakuna mvua, ni kweli. Lakini kuanzia Agosti moto wa pori unajaza Katanga moshi. Kutoka juu unaona ardhi iliyo chini yako vizuri, huku mbele, hasa ukielekea jua, huoni kitu. Kuruka kwa macho kunataka kuona angalau kilomita 5, nazo ni za mbele. Msimu wa mvua shida ni nyingine: asubuhi kweupe, mchana mawingu ya radi yamesimama. Yapishe kwa kilomita 35 au zaidi, na usijaribu kupita chini yake.

“Katanga haina barafu.”

Ndani ya kabureta, chombo kinachochanganya mafuta na hewa, ipo. Mafuta yanapogeuka mvuke na hewa inapopita kwenye koo jembamba, joto linaweza kushuka zaidi ya nyuzi 20, na unyevu unaganda hata siku ya nyuzi 25. 172S haina kabureta, lakini 172 nyingi za zamani wanazo. Mizunguko inashuka taratibu, kisha injini inakwaruza. Vuta kipasha joto cha kabureta hadi mwisho. Kwanza injini itazidi kukohoa, maana barafu inayeyuka na maji yanapita ndani yake. Wengi wanaogopa na kukirudisha hapo. Kiache.

“Avgas ikikosekana, esanse ya pompi inatosha.”

Ni mpaka injini na ndege yako viwe na hati inayoiruhusu. Esanse inageuka mvuke kwenye mirija ikipata joto na kimo, na ikiwa na alkoholi inakula mipira. Kosa baya zaidi ni Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti, kwenye injini ya pistoni ya kawaida: inatembea vizuri uwanjani kwa mafuta yaliyobaki kwenye mirija, kisha inazima ikipanda. Avgas 100LL ni ya buluu. Simama mwenyewe mafuta yanapotiwa.

Mtungi wa gesi na bidoni ya esanse visiingie kwenye kabini. Pikia makala.

“Injini ikizima, ndege inaanguka kama jiwe.”

172 inateleza kama mita 9 mbele kwa kila mita 1 inayoshuka. Ukiwa mita 1,000 juu ya ardhi, una kilomita 9 bila upepo. Pagumu ni kupata uwazi kati ya miti, kwa hiyo fuata barabara na mabonde yenye majani hata kama njia inarefuka.

“Ikishatua kambini, kazi imekwisha.”

Kabla ya kutua pita kwanza kando ya uwanja, mita 150 hivi juu, utafute wanyama, mashimo na vichuguu vipya; mchwa hawangojei ratiba yako. Mpango wa safari uwe umeachwa RVA, shirika la viwanja na njia za anga, na ruhusa ya ICCN, wasimamizi wa hifadhi, mkononi. Funga mabawa yote mawili na mkia kwa kamba, uziache na ulegevu kidogo.

Funika bomba la pito, linalopokea hewa ya kipimo cha mwendo, mara injini inapozimwa. Nyigu wa udongo wanaweza kuliziba kwa siku moja tu, nawe utagundua ukiwa unakimbia kwenye barabara na kipimo cha mwendo kiko sifuri. Hapo funga gesi na usimame. Asubuhi ya kurudi, toa mafuta kidogo kwenye kila vali ya chini, uyakinge kwa kikombe; 172S inazo vali 13. Maji yatakaa kwenye kitako cha kikombe. Ukiyaona, endelea kutoa mpaka ibaki buluu tupu.