Samaki wa madimbwi ya Unguja: mlishe kama anavyokula kwao

Wengi wanaonijia kutaka ushauri wa kufuga samaki wa maji baridi huuliza kwanza habari za tangi: liwe la ukubwa gani, taa ipi, pampu ipi. Mimi huwarudisha kwenye chakula. Tangi atakuunganishia fundi wa vioo kwa silikoni, na lita 40 zinatosha kabisa kuanzia. Chakula ndicho kinachowashinda watu, hasa kwa samaki ninayemzungumzia leo, Nothobranchius guentheri, ambaye ni wa kisiwa chetu cha Unguja na hapatikani porini kwengine.

Mtaalamu wa Kijerumani Georg Pfeffer alimpa jina hilo mwaka 1893, kwa heshima ya Albert Günther aliyekuwa mtaalamu wa samaki kule London. Huko nje anafugwa kwa mapenzi makubwa, na tangu miaka ya 1970 watafiti wamekuwa wakimtumia kuchunguza jinsi mwili unavyozeeka. Kwetu anapitwa tu kwenye mitaro na madimbwi ya mabondeni, na hilo linaniuma. Dume urefu wake hauzidi kidole cha shahada, ana mwili wa kijani cha buluu, kila gamba limezungushiwa wekundu, na mkia mwekundu kabisa. Jike ni wa rangi ya udongo, na usipomjua utadhani ni samaki wa aina nyengine.

Maisha yake yote yamefungwa na mvua. Dimbwi linajaa, mayai yaliyolala kwenye tope yanaanguliwa, watoto wanakua mbio, wanataga topeni, na kiangazi kikikausha dimbwi wakubwa wote wanakufa. Mayai hubaki. Kwa hiyo huyu ni samaki mwenye haraka. Hata ndani ya tangi, anakoepushwa na ukame, umri wake ni kama mwaka mmoja. Mwili unaokua kwa kasi hiyo unataka nyama, tena nyama inayocheza: wadudu wa majini, viroboto wa maji na viluwiluwi vya mbu.

Viluwiluwi ndivyo chakula changu kikuu. Weka ndoo ya maji kivulini, tia majani makavu machache ya mwembe, iache wazi siku mbili tatu mbu watage, kisha funika kwa kipande cha chandarua na ukifunge kwa kamba. Hapo una chakula cha bure. Vuna kila siku kwa chujio la chai, suuza kwa maji safi, ndipo utie tangini. Usiache ndoo wiki nzima bila kuiangalia: kwa joto letu kiluwiluwi huwa mbu ndani ya siku chache, na mbu wa dengi ndiye hasa anayependa vyombo vya namna hiyo. Kama huna nafasi ya kuiangalia kila siku, usiweke ndoo kabisa.

Siku ambayo viluwiluwi havipo, mimi hukatakata kamba mbichi au mnofu wa samaki mbichi mpaka uwe chembe ndogo kuliko jicho la samaki mwenyewe. Dagaa waliochemshwa kwa chumvi hapana. Mkate hapana, wali hapana. Chakula cha pakiti wengi wao hawakigusi. Kinazama, kinaoza, kinatoa amonia, na amonia ndiyo inayowaua samaki wengi wa majumbani huku mwenyewe akisema samaki wake walikuwa wanakula vizuri.

Lisha kidogo mara mbili au tatu kwa siku. Ukitia chakula, simama uangalie. Dume atakimbilia mbele na kuwafukuza wenzake, basi tia upande mmoja wa tangi, kisha na upande wa pili, ili majike nao wapate. Dakika mbili zikipita na kuna chembe chini, umezidisha. Zifyonze kwa mpira. Tumbo la samaki aliyeshiba huonekana limetuna kidogo ukimtazama ubavuni. Dume mmoja kwa majike wawili au watatu, na mfuniko lazima, kwani hawa huruka.

Maji hayana shida kubwa. Visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa, na samaki huyu huyavumilia. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaache kwenye ndoo wazi siku nzima. Badilisha robo ya tangi kila wiki, na wakati wa joto la kaskazi liweke mbali na dirisha la jua, kwa sababu joto kali humfupishia umri. Ukiona samaki anajikuna kwenye mawe na ngozi ina kitu kama vumbi la dhahabu, huo ni ugonjwa wa vimelea unaowapenda sana samaki wa jamii hii. Kijiko kidogo cha chumvi kwa lita tano za maji husaidia kuuzuia.

Perege wadogo na kambale nao hufugika, lakini kambale hukua akawa mkubwa kuliko tangi lenyewe na humeza kila kinachoingia mdomoni. Asichanganywe na huyu.

Sasa mayai. Wafugaji wa Ulaya hutumia udongo wa mboji. Sisi tuna makumbi ya nazi. Chukua unga wa makumbi, uchemshe mara kadhaa ukimwaga maji mpaka yatoke bila rangi. Na kama makumbi yalifukiwa pwani, endelea kuyasuuza mpaka chumvi iishe. Tia kwenye bakuli chini ya tangi. Dume na jike watashuka ubavu kwa ubavu na kutaga humo yai moja moja, dogo kama milimita moja. Baada ya wiki mbili toa unga huo, ukamue mpaka ukiubana kiganjani hautoi tone, uufunge kwenye mfuko wa plastiki na uuweke gizani kiasi cha miezi mitatu.

Usirowanishe kwa kubahatisha. Toa yai moja, liangalie kwa kioo cha kukuzia: ukiona macho meusi yenye pete ing'aayo, mtoto yuko tayari. Mimina maji yenye ubaridi kidogo, na ndani ya saa chache utaona watoto. Wape siku hiyo hiyo artemia, yaani vijidudu vya maji ya chumvi vya jamii ya kamba, walioanguliwa karibuni. Mayai mengine hayataanguliwa, na hayo si mabovu. Kiinitete ndani yake kimesimama kukua, kikingoja mvua nyengine, kwa hiyo kausha unga tena na urudie baadaye.

Juu ya kila mfuko andika tarehe na jina la bonde walikotoka wazazi, na ukimgaia mwenzako mpe na maandishi hayo. Usichanganye samaki wa mabonde mawili tangini. Na wakikuzidi, wagaie wafugaji wenzako. Usiwamwage dimbwini, hata lile ulilowatoa, maana watakwenda na maradhi ya tangi.