Opioidi: zinavyotuliza maumivu, na kwa nini hupunguza pumzi

Mofini, mojawapo ya dawa kali za maumivu ziitwazo opioidi, haiponyi kidonda wala haiungi mfupa. Kazi yake ni kupunguza taarifa ya maumivu, kwenye uti wa mgongo na ubongoni kwenyewe. Mwili wenyewe hutengeneza endofini, kemikali zinazonasa kwenye vipokezi (sehemu za seli zinazopokea kemikali) vya ubongo, uti wa mgongo na utumbo. Mofini, kodeini, pethidini na fentanili hunasa palepale. Neva iliyonaswa hupeleka taarifa kidogo tu kwa inayofuata. Ndiyo maana wagonjwa wengi husema maumivu wanayasikia, ila hayawatesi tena.

Opioidi hutumika baada ya upasuaji, kwa majeraha makubwa, kuungua na saratani. Methadoni hutibu pia uraibu wa heroini, kwa kuwa hukaa mwilini muda mrefu na mtu huinywa mara moja kwa siku.

Njia ya kutolea dawa hubadilisha kipimo. Mofini ya kunywa hupita kwenye ini kwanza na sehemu kubwa huharibiwa humo, hivyo miligramu 30 za kunywa hukaribiana na 10 za sindano. Kuchanganya namba hizi ni hatari. Kodeini nayo hugeuzwa na ini kuwa mofini: kuna wasiopata nafuu yoyote, na kuna wanaoigeuza haraka mno. Kwa sababu hiyo mtoto wa chini ya miaka 12 hapewi.

Usingizi na kichefuchefu kwa kawaida hupungua baada ya siku chache. Kufunga choo hakupungui, maana utumbo hauizoei dawa. Mgonjwa wa mofini ya kila siku aanzishiwe mapema sena au bisakodili, dawa za kusaidia kupata choo, asisubiri choo kigome.

Hatari kubwa iko kwenye shina la ubongo, linaloamuru tuvute pumzi hewa ya ukaa inapozidi kwenye damu. Opioidi hulifanya lisiisikie. Pombe au diazepamu (dawa ya kutuliza wasiwasi) huzidisha hali hiyo. Aliyezidisha dawa haamshiki, mboni zake huwa ndogo kama ncha ya sindano, hukoroma au hupumua kwa nadra, na midomo hugeuka rangi. Naloksoni huziondoa opioidi kwenye vipokezi ndani ya dakika chache, lakini nguvu yake huisha baada ya dakika 30 hadi 90, wakati methadoni bado imo mwilini. Mgonjwa aliyezinduka anaweza kuacha kupumua tena, kwa hiyo abaki hospitalini akiangaliwa. Aliyeacha dawa kwa wiki kadhaa naye asirudie kipimo chake cha zamani: mwili umeshasahau kuihimili.