Sheria ya kusubiri: inapitishwa leo, inaanza kuuma miaka baadaye

Tarehe 24 Juni 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotoa hukumu katika kesi ya Dobbs na kufuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba, jimbo la Missouri lilipiga marufuku utoaji mimba kabla jua halijafika utosini. Bunge la jimbo halikukutana siku hiyo. Halikuwa na haja, kwa sababu sheria ilishapitishwa na kutiwa saini na gavana tangu 2019.

Hiyo ndiyo sheria ya kusubiri. Ni sheria kamili, ila ina kifungu kinachosema haitaanza kutumika mpaka jambo fulani litokee. Hapa jambo lenyewe lilikuwa kufutwa kwa hukumu ya Roe dhidi ya Wade ya 1973, iliyotambua haki ya kikatiba ya mwanamke kutoa mimba kabla haijafikia umri wa mtoto kuweza kuishi nje ya tumbo. Maadamu Roe ilisimama, marufuku ya namna hiyo isingetekelezeka. Hata hivyo majimbo 13 yalijiandaa mapema: South Dakota 2005, Louisiana 2006, Texas 2021, na mengineyo.

Kila jimbo lilikuwa na utaratibu wake. Missouri ilitosha mwanasheria mkuu atoe maoni rasmi kwamba Roe imefutwa, naye aliyatia saini dakika chache baada ya hukumu. Texas ilihesabu siku 30 tangu mahakama itoe amri yake rasmi, ambayo hutoka wiki kadhaa baada ya hukumu, kwa hiyo marufuku ikaanza 25 Agosti. Daktari anayeikiuka anaweza kufungwa hadi maisha na kudaiwa dola zisizopungua 100,000. Mjamzito mwenyewe hashtakiwi.

Kinachonisumbua ni jinsi sheria hizi zinavyotungwa. Mbunge anayepigia kura marufuku isiyomgusa mtu leo habanwi na yeyote aeleze maneno yake yana maana gani. Texas iliruhusu mimba kutolewa pale tu hali ya mama inapohatarisha maisha yake au kutishia kuharibu vibaya utendaji muhimu wa mwili. Sasa chukua mjamzito ambaye chupa imepasuka wiki ya 18. Mtoto hana uwezekano wa kupona, lakini mama bado hana homa. Je, hatari imeshafika, au daktari angoje maambukizi yaanze? Madaktari walibaki na swali hilo wodini, huku kifungo kikiwasubiri. Mwaka 2025 ndipo bunge la Texas likairekebisha sheria na kufafanua kuwa si lazima hatari iwe mlangoni ndipo daktari achukue hatua.

Missouri nako mambo hayajatulia. Novemba 2024 wapiga kura waliiingiza haki ya kutoa mimba kwenye katiba ya jimbo. Miezi michache baadaye wabunge wakaamua suala hilo lirudishwe kwenye kura 2026.