Acheni kuloweka vasi za wanyama kwenye jiki, nawaomba

Nipo Ohio, kazi yangu ni kusafisha na kukarabati vyombo vya udongo vya zamani, na vinavyokuja kwa wingi ni vasi na vyungu vya maua vyenye umbo la wanyama, yaani bata, simba, kasuku, swala, chui mweusi wa kuweka juu ya tivii. Huku ndo kwao. Viwanda vyenyewe, McCoy walikuwa Roseville, Hull wakawa Crooksville, Shawnee pale Zanesville, na Royal Copley zilitengenezwa Sebring, zote Ohio hiihii, kwahiyo kwenye gereji seli, pale watu wanapouza vitu vyao vya zamani nyumbani, unavikuta mpaka unachoka. Na wabongo na Wakenya wa huku wamevipenda kweli, sebule zimependeza. Shida ni maneno wanayoambizana.

La kwanza na ndilo linalonimaliza: "kimechafuka, nikakiloweka kwenye jiki usiku kucha, kikawa cheupee." Kila nikisikia hivyo najua kinachokuja.

Jamani sikilizeni. Vyombo hivi vingi ni udongo wa kawaida uliochomwa, sio poselini. Udongo wenyewe una vitundu, unanyonya maji, kinachouzuia usinyonye ni glezi ya juu tu, ule utando unaong'aa kama kioo, na glezi ikishapata vinyufa basi kila unachomwagia kinapita. Jiki inaingia humo, inalifuata doa mpaka chini, doa linapotea, na hapo ndo mtu anadanganyika maana siku hiyo chombo kinang'aa kweli. Ila jiki ikikauka inaacha chumvi ndani. Hewa ikiwa na unyevu ile chumvi inayeyuka, hewa ikikauka inaganda tena vipunje, na vipunje vinataka nafasi, nafasi hamna, vinaisukuma glezi itoke. Waliokulia Mombasa au Tanga wanaujua ukuta ulioingia chumvi, unapaka rangi leo na baada ya muda inavimba na kubanduka, basi ni mambo yaleyale. Na haitokei kesho yake, inaweza kuchukua wiki au miezi, ndo maana hakuna anayeilaumu jiki, wanasema "aah, ni uzee wa chombo".

Dada mmoja aliniletea bata maji wa McCoy, mweupe, mzuri sana shingo yake. Kwa mbali hana neno. Ukimsogeza kwenye taa unaona pale shingo inapopinda glezi imenyanyuka kingo, vipande vya milimita mbili tatu, nikapitisha kucha kidogo kikatoka kimoja na chini yake unga mweupe. Akaniuliza natumia gundi gani. Gundi ya nini dada yangu, hapo nikibandika kimoja kesho vinatoka vitano, chumvi bado iko ndani.

Mnachotakiwa kutumia ni peroksaidi (hydrogen peroxide), ile ya famasi ya asilimia 3. Kwanza chombo kilale kwenye maji safi usiku mzima ili udongo ushibe, usipofanya hivyo unalisukuma doa ndani zaidi. Halafu kiweke kwenye ndoo ya plastiki na peroksaidi, funika, acha siku kadhaa, kitoe, kikauke chenyewe taratibu kivulini, ukiona doa bado rudia. Ni kazi ya subira, wala usikitie kwenye oveni eti kikauke haraka kama wanavyoonyeshana kwenye video, kinaweza kupasuka na huo mvuke sio wa kuvuta. Na kama kina dhahabu au rangi iliyopakwa juu ya glezi bila kuchomwa, usikiloweke kabisa. Rangi hiyo inatoka hata kwa maji ya vuguvugu na sabuni, macho ya wanyama wengi yamepotea hivyohivyo kwenye sinki la jikoni. Jaribu kwanza kwa pamba yenye maji, sehemu ya nyuma isiyoonekana.

Na ulieshatia jiki tayari? Kama glezi haijaanza kunyanyuka, loweka kwenye maji yaliyochujwa madini, yale ya pasi, badilisha kila siku kwa wiki moja au mbili. Kama imeshanyanyuka, kiache kikavu, usikiguseguse.

Haya mengine nitayapitia haraka.

"Kina vinyufa kwahiyo ni cha zamani." Hapana. Vinyufa vinatokea kwa sababu glezi na udongo havikusinyaa sawa, au udongo umenyonya unyevu ukavimba, na kiwandani wanaweza kuvitengeneza makusudi wakapaka chai juu. Chombo cha mwaka jana kinaweza kuwa navyo, cha 1940 kinaweza kukosa.

"Namba ya chini ni mwaka." Mara nyingi ni namba ya kalibu, ile inayoupa udongo umbo! Mtu ananiletea sungura wa SylvaC wa Uingereza mwenye 1026 chini, sijui anafikiri ni wa karne ya kumi na moja.

"Hakina jina, ni feki." Royal Copley nyingi zilikuwa na stika ya karatasi tu, ikioshwa imekwenda, na vyombo vingi vya Ohio vimeandikwa USA basi. Kinyume chake ndo cha kuogopa, maana kuna vyombo vipya kabisa vimegongwa McCoy. Pima. Aliyetoa kalibu kwenye chombo cha zamani, udongo wake ukikauka na kuchomwa unasinyaa, kwahiyo nakala inatoka ndogo kuliko ya asili, na michoro ya manyoya inakuwa imefifia. Tembea na futikamba.

"Cha Japan ni takataka." Nani kawaambia? Vile vilivyoandikwa Occupied Japan ni vya wakati Marekani ilipoikalia Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mpaka 1952, na kuna watu wanakusanya hivyo tu. Sio vyote vizuri, ila sio takataka.

"Toboa tundu chini mmea upumue." Ukitoboa umeshusha bei na pengine umekipasua. Panda kwenye kikopo cha plastiki chenye matundu, kitumbukize ndani. Maua ya kukata nayo yatie kwenye glasi nyembamba ndani ya vasi, maana chenye vinyufa kinavujisha polepole na utakuta duara jeupe kwenye meza yako ya mninga.

"Lazima ziwe seti." Hili ni suala la macho yangu, mnaweza kubisha. Mimi nachagua rangi moja, tuseme kijani kile kisichong'aa, halafu nachanganya wanyama na urefu, na wote wanaangalia ndani ya chumba. Simba anayeangalia ukuta simwelewi. Kama una watoto, bonge dogo la nta ya kubandikia chini ya kila miguu, rafu ya juu, basi.

Na yale majagi ya ng'ombe ya maziwa, mtu asikwambie "bibi zetu walinywea na hawakufa". Glezi za zamani nyingine zina risasi, ile madini yenye sumu. Tia maua.